Hadithi Iliyokwenda Kigoma na Karanga

Kama umeoa kwa watani wako, huna haja ya kuelezwa. Sogea tukae pamoja. Kama bado hujaoa huko, soma taratibu, na ukialikwa harusini kwao kula pilau lako uondoke mapema.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, Mama Kulwa ni Mzaramo wa Kisarawe. Babu zangu walipita kwao wamebeba pembe za ndovu kwenda pwani, babu zake wakawauzia chakula na kuwacheka, na katika kupitapita huko ukazaliwa utani ambao mpaka leo unamruhusu Mzaramo yeyote anisimamishe barabarani aniulize mzigo nimeutua wapi. Hilo nimelizoea. Kazi iko hapa: utani una ruhusa zake na ukwe una miiko yake, na mama mkwe wangu anao wote wawili. Siku ya kugawana, yeye akachukua utani, mimi akaniachia ukwe.

Maana yake ni kwamba yeye anaweza kuniita "mpagazi" mbele ya wageni, akauliza kama mabega yanauma, akasema binti yake aliolewa na msafara uliopotea njia. Mimi nikikutana naye koridoni nabana ukutani, natazama miguu yangu, nasema "Shikamoo mama," napita. Nikiwa na neno namtuma mtoto. Alikuja kutusaidia mapacha walipozaliwa, akasema atakaa mpaka kitovu kidondoke. Mapacha sasa wako darasa la sita.

Jina lake silitamki, mila hairuhusu. Moyoni namwita Kirangozi, kama yule bwana aliyekuwa akitangulia mbele ya misafara ya zamani na manyoya kichwani, akiamua watu waondoke lini, walale wapi na nani anyamaze. Jina hilo nilimnong'oneza Doto siku moja tukiwa wawili tu, nyumba ikiwa tupu. Kumbuka hilo, maana mimi nililisahau.

Ngoja nikutajie na wengine, usije ukawachanganya. Mke wangu ni Mkaguzi. Ana daftari la matumizi ambalo halijawahi kukosa hata shilingi mia ya chumvi, na kila mwisho wa mwezi analisoma kwa sauti, nami nasimama kujibu hoja. Ndugu yake mdogo ni Waziri Asiye na Wizara Maalumu; alikuja Tabora kutafuta kibarua kwenye ujenzi wa reli mpya. Reli inasonga, yeye yuko palepale kwenye kochi. Kulwa ni mtu wa mpira, haonekani nyumbani ila wakati wa kula. Doto ndiye balozi wangu kwa mama mkwe, na kama mabalozi wote anajua mengi kuliko anayoripoti. Wa mwisho ana miaka mitatu, tunamwita Mchwa, kwa kuwa hakuna kitu cha mbao, karatasi au waya ambacho hajakionja.

Katikati ya watu hao nikaamua kuwa mwandishi wa hadithi fupi.

Mchana ni karani kwenye ghala la tumbaku. Usiku, baada ya tamthilia ya Kituruki kwisha na Waziri kuhamia chumbani kwa kina Kulwa, meza ya sebuleni inakuwa yangu. Kuna mhariri mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anakusanya hadithi za diwani mpya: maneno yasizidi 3000, mwisho wa kupokea ni Ijumaa fulani, malipo ni nakala mbili za kitabu. Nilimsomea Mkaguzi tangazo. Akachukua kalamu.

"Nakala mbili ni shilingi ngapi?"

"Siyo suala la shilingi, Mama Kulwa."

Akaandika sifuri, akaipigia mstari.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mpagazi. Anatoka Kwihara na mzigo wa frasila mbili begani, umefungwa kwa ngozi, ameambiwa asiufungue mpaka Bagamoyo. Miezi mitatu ya njia. Nyuma kuna mke anayehesabu vibaba vya mtama, mbele kuna kirangozi anayesema kutwa kucha, na katikati kuna Mgunda Mkali, ile nyika ya kati ya Unyamwezi na Ugogo ambako wapagazi walikuwa wakipita mbiombio kwa kuhofia kiu. Usiku mmoja fisi wanaingia kambini. Kirangozi, pamoja na maneno yake yote, anapanda juu ya mti.

Usiniulize nilimtoa wapi.

Nilijipa moyo kwamba si mimi wa kwanza. Njia hii imeandikwa kwa Kiswahili kabla babu yangu hajazaliwa. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya biashara kutoka pwani hadi nchi za Ziwa Tanganyika, na simulizi hiyo ikatoka mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen, Ujerumani. Mwaka mmoja baadaye ikaanza kutoka Berlin habari ya maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Mjerumani Heinrich Brode akaigeuza herufi na kuitafsiri. Kwa hiyo hadithi za njia yetu zina mazoea ya kwenda mbali kutafuta mashine ya kuchapia. Na usisahau kwamba baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alikuwa mkwe hapa hapa Unyanyembe: alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ningetoa pesa kusikia mzee yule alikuwa anazungumzaje na mama mkwe wake. Pengine na yeye alikuwa na Doto wake.

Basi nikaandika. Nikiandika nachapa nakala steshenari ya jirani, nasoma, sipendi, narekebisha, nachapa tena. Karatasi zilizokataliwa nazitia kwenye boksi chini ya kitanda. Mkaguzi alikuwa anazipiga hesabu: karatasi, wino, umeme wa usiku. "Hadithi hii imeshakula debe la mahindi," alisema, "na bado haijataga."

Halafu akaisoma. Nilikuwa bafuni. Nilipotoka nikamkuta amesimama na ukurasa wa pili mkononi.

"Huyu mke wa mpagazi anayeamka usiku kuhesabu vibaba ni nani?"

"Ni mtu wa kubuni."

"Na anayesema 'kibaba kimoja hakionekani, nani kakila?'"

"Wa kubuni, Mama Kulwa. Wa mwaka 1870 na kitu."

"Mwaka 1870 mlikuwa mnaoa Wazaramo?"

Nikasema lazima walikuwepo waliooa. Akanirudishia karatasi, na siku ile mboga ilikuwa chumvi tupu.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho, Mchwa aliinywesha kompyuta uji wa ulezi. Alijieleza vizuri kwa umri wake: ilikuwa inakoroma, alidhani ina njaa. Niliibeba hadi kwa fundi wa sokoni. Akaifungua, akaingiza pua, akanusa.

"Huu uji ulikuwa na sukari?"

"Ulikuwa nayo."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Ungekuwa hauna sukari ningejaribu."

Sikuogopa sana kwa sababu nilikuwa na flashi. Flashi ilikuwa kwenye droo. Droo ilikuwa wazi. Waziri alikuwa amepata, baada ya muda mrefu sana, kazi: mzee mmoja mwenye bajaji alitaka ajaziwe nyimbo za zamani za Kiko Kids na Tabora Jazz, kwa malipo ya chai na chapati mbili. Ukizungumzia muziki wa mji huu humchoshi mtu wa Tabora, na mimi mwenyewe nikisikia gitaa za Kiko Kids huwa nasahau nilichokuwa nagombea. Lakini flashi ilikuwa ndogo na nyimbo zilikuwa nyingi.

"Shemeji, kulikuwa na faili moja tu mle," alisema. "Dogo. Sikudhani kama lina mtu."

Nikaenda chini ya kitanda. Boksi lilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na mbegu za maboga.

Doto alikuwa mlangoni ananitazama kwa uso wa kidiplomasia. Nikamuuliza. Akauliza kama atagombezwa. Nikasema hapana. Akauliza kama na Bibi atagombezwa, na hapo akacheka mwenyewe, maana swali halikuwa na kichwa wala miguu.

Mama mkwe wangu ana biashara. Anakaanga karanga kwenye chungu chenye chumvi, anazifunga kwenye karatasi, anaziuza stesheni treni ikifika. Tangu Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, karatasi imepanda cheo nyumbani kwetu: daftari la mtoto halimalizi muhula, mitihani ya zamani haikai, hata cheti changu cha semina ya usalama ghalani nilikiona mkononi mwa askari mmoja, kimejaa karanga. Sikusema kitu. Ukwe.

"Bibi anazifungia," Doto aliripoti. "Zako ni nzuri, ni nyeupe nyuma. Ila anasema ukurasa wa kwanza hauna faida, watu wanautupa hapohapo. Ukurasa wa fisi wanaukunja wanatia mfukoni."

Nisikilize vizuri, msomaji. Kabla mhariri yeyote duniani hajanisoma, nilikuwa nimeshachapishwa, nimeshasambazwa na nimeshafanyiwa utafiti wa soko, kwa shilingi mia mbili pamoja na karanga.

Siku hiyo treni ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma ilikuwa imechelewa, na kuchelewa kwake ndiko kulikoniokoa nusu. Stesheni ya Tabora unaijua kama umewahi kupita reli ya kati: Wajerumani waliifikisha reli hapa mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, karibu kabisa na njia waliyoipasua wapagazi kwa miguu, na kazi ya mji haijabadilika tangu wakati ule. Watu wanafika wamechoka, tunawauzia chakula, wanaondoka. Wauza asali walikuwa wamejipanga na chupa zao, wenye maembe na ndoo zao, na Kirangozi alikuwa ameketi kwenye kigoda, sinia mbele yake, vifurushi vimesimama mistari kama wanajeshi. Kila kifurushi kilikuwa na maneno yangu.

Nikasimama hatua tatu kutoka kwake, nikatazama miguu yangu.

"Doto, mwambie bibi yako baba anakusalimu, na anaomba, kama hakuna usumbufu, zile karatasi."

Mama mkwe hakusubiri tafsiri, ila naye ni mtu wa mila. Akamgeukia Doto. "Mwambie baba yako salamu nimezipokea. Karatasi ni mia mbili moja, na karanga zake."

"Mwambie ni hadithi yangu."

"Mwambie ilikuwa chini ya kitanda. Kitu cha thamani hakikai na viatu."

Nilinunua sinia zima. Mkaguzi, ambaye alikuwa amekuja na Waziri kwa sababu hapendi kusimuliwa, aliandika kila kifurushi. Tukakaa chini ya mwembe tunafungua: Kulwa anamwaga karanga kwenye ndoo, Mkaguzi ananyoosha kurasa kwenye goti, Waziri anakula ili kupunguza, alisema, uzito. Kurasa nyingi zilikuwepo mara mbili au tatu, za nyakati tofauti. Mahali pengine mpagazi ana kaka, mahali pengine kaka ameshakufa. Ukurasa wa tano, wa fisi, haukuwepo hata mmoja. Ndio uliokuwa unatembea sokoni.

Na treni ikaingia.

Kirangozi alikuwa amebakiza vifurushi kwenye kikapu cha akiba, hakutaja, na treni iliposimama akanyanyuka akavimaliza madirishani kwa kasi ya mtu wa miaka ishirini. Mimi nikawa nakimbia nyuma yake: "Samahani mama, geuza hizo karanga nione ukurasa." "Samahani kaka, mimi ndiye mwandishi." Neno la mwisho lilinishusha hadhi kuliko kunipandisha. Mama mmoja wa daraja la tatu aliuficha mkoba wake. Ukurasa wa tano nikaukuta kwa kijana mmoja anayekwenda Nguruka, amekaa dirishani anasoma, karanga zake zimemwagika mapajani.

"Ngoja nimalize," akasema.

"Naomba tu niinakili, dakika tano."

"Kwani fisi wanamla?"

"Nani?"

"Huyu mzee aliye juu ya mti. Mpuuzi sana huyu. Wamle tu."

Nikageuka nione mama mkwe yuko wapi. Alikuwa nyuma yangu kabisa, anarudisha chenji. Amesikia. Honi ikalia, behewa likajivuta, kijana akanipungia mkono na ukurasa wangu wa tano ndani yake, na hadithi yangu ikaondoka kuelekea Urambo, Kaliua na kwingineko, upande ambao wapagazi waliuendea kwa miguu.

Usiku ule tukala karanga. Tulikula karanga siku nyingi tu, kusema kweli, mpaka Mchwa akaumwa tumbo na Mkaguzi akafungua safu mpya daftarini. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikaa na taa ya chemli, kurasa zote mbele yangu isipokuwa ule, na siku iliyobaki ilikuwa moja. Kila nikijaribu kuuandika upya ulikuwa unatoka mkavu. Waziri akashauri fisi wawe simba. Kulwa akashauri waongezwe watu wa mpira.

Pazia la koridoni likatikisika kidogo. Upande wa pili kuna mtu alivuta kigoda.

"Doto," ilisema sauti, "mwambie baba yako aandike."

Msomaji, mama mkwe wangu aliusoma ukurasa ule kwa kichwa. Alikuwa ameufunga mara nyingi kiasi kwamba maneno yalimganda. Yeye anasema, Doto anarudia neno kwa neno, mimi naandika, pazia katikati yetu, kila mtu ndani ya mipaka yake. Mwanzo ulikuwa wangu kabisa: moto unazimika, nyika imenyamaza, fisi wa kwanza anacheka. Halafu tukafika kwenye mti.

"Kirangozi hakupanda mti," Doto akarudia.

"Mwambie bibi yako alipanda."

Kimya. Halafu: "Bibi anasema hakupanda. Alichukua kijinga cha moto."

Akaendelea. Kirangozi wake aliwafukuza fisi kwa kijinga na kwa matusi, akarudi, akamkalisha chini tajiri mwenye msafara, akamuuliza mbele ya watu wote ile doti ya merikani na ile kaniki tuliyoahidiwa pale Tura iko wapi, maana watu hawabebi mizigo kwa ahadi. Wapagazi wakatua mizigo. Tajiri akalipa usiku uleule, kwa mwanga wa kijinga. Hapo sauti ya nyuma ya pazia ikasimama kuvuta pumzi, na mimi nikagundua kwamba chemli inaishiwa mafuta na mkono wangu bado unaandika.

Ningebisha vipi? Kwa mila ipi? Mkaguzi akahesabu maneno kwa kidole: 2940. "Yaache," akasema. "Hapo angalau kuna mtu kalipwa."

Ijumaa asubuhi dada wa steshenari aliichapa yote huku anacheka sehemu ambazo sikukusudia zichekeshe, tukaituma.

Halafu kusubiri. Wenyeji wa mji huu tusingetakiwa kulalamika kuhusu kusubiri. Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi watoke pwani; nyumba ile ipo, ni makumbusho, siku moja nitawapeleka watoto kama Mkaguzi atapitisha nauli. Kabla ya hapo, mfuko wa barua zake uliofungwa Zanzibar Novemba 1870 ulikuja ukalala hapa Unyanyembe, mpaka Stanley alipoubeba kumpelekea Ujiji mwishoni mwa mwaka uliofuata. Nilimweleza mke wangu hayo ili kumtuliza. Nikamweleza na habari ya mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kukichapa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki.

Mkaguzi alifikiri. "Miaka 35."

"Eeh."

"Mimi nakupa mpaka mavuno."

Nikamtajia basi wenye bahati: Mohamed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, na Mzimu wa Watu wa Kale kikawa kitabu mwaka 1960. Akauliza kama na yeye alikuwa anaishi na shemeji yake. Sikuwa na jibu.

Jibu la mhariri lilifika mvua zimeshaanza. Amekubali. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye kizingiti, nikasoma mistari iliyofuata nikiwa nimekaa. Bwana yule alikuwa mtu wa panga. Maelezo yangu ya miembe ya Kwihara, ambayo niliyafanyia kazi wiki nzima, yameondolewa yote, pembeni ameandika "maembe yapungue." Ukurasa wa kwanza, ule ambao abiria walikuwa wanautupa hapohapo, ameutupa na yeye. Mke wa mpagazi amebaki sentensi moja, jambo ambalo Mkaguzi alilipokea kwa furaha isiyo na kiasi. Ukurasa wa tano hakuugusa hata mkato. Chini yake ameandika kwamba hapo ndipo hadithi inaposimama, tena kama sina neno, angependa kichwa cha hadithi kibadilishwe.

Sikuwa na neno. Nani ana neno siku ya kukubaliwa? Nikajibu afanye anavyoona.

Nakala mbili zilikuja na basi, kwenye bahasha iliyolowa pembe moja. Familia nzima ilikusanyika sebuleni, hata Kulwa. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi mbili. Sasa mimi ni mtu mwingine, pengine Mhaya. Waziri akasema hiyo ni afadhali, wadai hawatanijua. Nikafungua ukurasa wa yaliyomo, na pale, kwa herufi nzito, hadithi yangu ilikuwa inaitwa "Kirangozi".

Doto akasoma kwa sauti. Macho yakamtoka kwa furaha ya mtu aliyekutana na rafiki mjini.

"Bibi! Ndivyo baba anavyokuita!"

Hata Mchwa aliacha kutafuna. Mkaguzi alifunga daftari. Mimi nilitazama miguu yangu, nikaitazama sana, naijua vidole vyote. Kumpa mkweo jina la kando ni jambo ambalo kwa wazee wetu linaamsha vikao. Kulichapisha kwenye kitabu, hakuna kikao kilichowahi kulifikiria.

Mama mkwe alichukua kitabu, akakisogeza dirishani, akaisoma hadithi yote tangu neno la kwanza, midomo ikitembea. Alipofika kwenye kijinga cha moto akatikisa kichwa polepole, kwa kuridhika. Akamaliza, akakitia kitabu ndani ya kanga.

"Doto," akasema, "mwambie baba yako faini ni mbuzi."

"Mwambie mbuzi sina."

"Mwambie basi nakala hii ni yangu, na rimu moja ya karatasi."

Hakuna aliyenitetea. Mkaguzi alishaandika bei ya rimu. Nakala ya pili aliichukua yeye kama dhamana ya umeme, karatasi, wino na karanga, mpaka nitakapolipa. Imefungwa kabatini na cheti cha ndoa. Kwa hiyo kitabu nilichochapishwa ndani yake mimi sina. Nikitaka kukisoma naenda stesheni siku za treni, ambako Kirangozi anakikodisha kwa abiria, mia tano hadi honi ipigwe, na anawaonyesha yeye ni yupi.

Jana Doto kaniletea ujumbe mwingine. Bibi anauliza hadithi ijayo itakuwa na kurasa ngapi, na anaomba nichape upande mmoja tu, maana wino wa pande mbili unachafua karanga, na msimu unaanza mwezi wa nne.